Wewe Safiri, Mali Yako Tuachie

Ipo nchi moja, na kama msomaji anaijua basi anyamaze nayo, maana mimi mwenyewe nimehadithiwa tu. Ni nchi yenye serikali ya huruma. Serikali nyingine humuuliza raia amekula nini. Ya huko humuuliza amevaa nini, tena kwa upole, mkono ukiwa umeshanyooshwa.

Huruma hiyo ilianzia uwanja wa ndege. Mama Mlezi, mke wa Mlezi Mkuu wa Taifa, alikuwa akienda ng'ambo kupumzika, kwa sababu alikuwa ametoka ng'ambo kupumzika na safari ilimchosha, na hereni yake moja ikapotea kwenye trei ya ukaguzi. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Redio ikapiga nyimbo za maombolezo. Wanafunzi walitolewa madarasani wakapekua nyasi za uwanja mzima kwa magoti, na mwishowe hereni ikaonekana sikioni mwa Mama Mlezi, upande ambao hakuwa ameugusa. Taifa likashangilia. Lakini Mlezi Mkuu alisema kwa uchungu kwamba ikiwa hofu kama hiyo imeweza kumpata mama wa watu wote, je, mnyonge itakuwaje? Kesho yake ikaundwa Wizara ya Utulivu wa Mali, na mabango yakapandishwa uwanjani yenye picha ya mkono mnene uliofumbata pete: WEWE SAFIRI, MALI YAKO TUACHIE.

Tangu hapo hakuna abiria aliyelalamika kuibiwa. Waliolalamika hawajaonekana tena, kwa hiyo taarifa ya Wizara ni ya kweli tupu.

Bi Mwanamkasi aliingia uwanjani hapo mchana wa Alhamisi, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuagiza. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na mtu aliyezoea kumwambia bibi harusi atulie na mama mkwe anyamaze haogopi sare kirahisi. Siku hiyo aliogopa. Ndani ya mkoba wake, kwenye pochi ya hariri, mlikuwa na kidani cha dhahabu cha bibi yake mzaa mama, na kidani hicho ndicho kilichokuwa safari yenyewe.

Shemsa, mwanawe wa pekee, alikuwa anaolewa ng'ambo Jumamosi. Katika ukoo wao bibi harusi huvalishwa kidani kile na mama yake, kwa mkono wake mwenyewe, na mama akishakifunga humwinamia binti sikioni akamnong'oneza namna ya kukifungua. Huko ndiko kuagana kwao. Bila mnong'ono huo binti hajatoka kwao, hata kama shehe ameshafunga ndoa, amekula pilau na ameondoka.

Na kukifungua si mchezo. Sonara aliyekitengeneza alikuwa mtu wa shari kidogo. Enzi zake wezi walikuwa wakikwapua vidani shingoni mwa maharusi njiani, basi akakitia kishikizo chake cha ajabu: asiyekijua akikivuta, hakifunguki, kinabana. Kinalia tak, kinapungua pete moja ya mnyororo wake, na aliyekivaa anapiga ukelele wa kuamsha mtaa.

Shemsa alikuwa amempigia mama yake simu asubuhi kumpa mawaidha, maana yeye ni msafiri.

"Mama, usikitie kwenye begi la kupakia, litapita mikono mingi. Kaa nacho kwenye mkoba. Wala usikivae, wakikuambia vua mbele za watu utababaika. Kitie kwenye pochi kabla hujafika kwenye mashine. Usitangulie kupita wewe kabla trei yako haijaingia. Na macho yako yasibanduke pale, mama. Yasibanduke!"

"Kwani mimi mtoto mdogo?" alijibu Bi Mwanamkasi. Lakini alikuwa ameyashika yote, neno kwa neno.

Foleni ilikuwa ndefu na kimya. Wageni wakipita nchini humo huandika kwamba watu wake hawana ucheshi. Si kweli. Ni kwamba pembeni ya foleni Wizara imemwajiri Afisa Vichekesho, mwenye cheo na kofia, ambaye kazi yake ni kuwachekesha abiria wanapongoja ili wasichoke. Alikuwa hodari kweli. Alisimulia kisa cha mzee aliyempelekea mbuzi wake daktari wa macho, na mikono yake ikacheza, na macho yakacheza, na abiria wote wakasimama wameuma midomo kama watu wanaopigwa sindano.

"Bi mkubwa," alinong'ona mzee aliyekuwa mbele ya Bi Mwanamkasi, kiganja kikiwa mdomoni, "kisa kikikunoga, tafadhali usicheke."

"Nacheka nini na mimi nina roho juu?"

"Vizuri. Baki hivyo hivyo. Mimi naitwa Lusewa. Nina meno mawili ya dhahabu, nilitiwa ujanani nilipokuwa mpumbavu. Nakwenda kumwona mjukuu wangu. Nimejizoeza wiki nzima kufikiria misiba."

Bi Mwanamkasi alimwonea huruma, akamkinga kidogo kwa mwili wake. Wakasogea. Afisa Vichekesho akafika kwenye mwisho wa kisa chake, pale mbuzi anaposoma herufi, na Bwana Lusewa akafumba macho, akawaza misiba, akashinda. Kisha, masikini, akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, ya kinywa wazi, na kitu kikametameta ndani yake.

"Afya!" walisema askari wawili kwa pamoja, kwa furaha, wakamshika kila mmoja mkono wake. Walimchukua kwa adabu sana. Mmoja alimpangusa mdomo kwa kitambaa laini, jinsi mtu anavyopangusa glasi za wageni. Foleni ikasogea hatua, na hakuna aliyetazama nyuma.

Sasa ilikuwa zamu ya Bi Mwanamkasi. Alifanya kila alichoambiwa na bintiye. Alitia pochi ndani ya mkoba, mkoba kwenye trei, akangoja trei itangulie, na macho yake hayakubanduka.

Laiti angetazama ukutani. Mashine ile haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Waya wake ulikuwa bado umeviringishwa na kufungwa kwa utepe, jinsi ulivyotoka dukani, na kioo chake kilikuwa cheusi. Askari aliyeketi hapo alikuwa amekipa kioo mgongo. Yeye alitazama macho ya abiria. Mtu asiye na kitu hupita pale akiwaza choo kiko wapi. Mwenye kitu hutazama trei yake, na aliyefundwa vizuri na wanawe huitazama zaidi. Askari alimwangalia mama yule asiyepepesa, akashusha pumzi ya kuridhika, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

Mkanda ukavutwa kutoka nyuma ya ukuta, trei ikaingia. Ikakawia. Ilipotoka upande wa pili mkoba ulikuwa umefungwa vizuri kuliko alivyoufunga yeye. Alifungua pochi, akakuta pipi ya mnanaa.

Alipiga ukelele. Abiria wakainama wote kufunga viatu, hata waliovaa ndala.

Alipelekwa kwa Kamishna wa Mng'aro, Bwana Nyakunga, mtu mwembamba mwenye sauti ya mchungaji. Ofisi yake ilinukia asumini. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Karibu, mama. Pole na safari. Nimeambiwa umesononeka."

"Sijasononeka, nimeibiwa."

"Neno hilo hatuna hapa, mama yangu. Tuliliondoa."

"Basi sijui nyie mnaitaje. Kidani kimeingia, pipi imetoka."

"Pipi ni shukrani yetu. Kidani kimepumzishwa." Kamishna alikunja mikono yake juu ya meza. "Kimepumzishwa mahali salama kuliko pote katika nchi hii. Hebu fikiri mwenyewe. Benki huvunjwa. Sanduku huvunjwa. Lakini shingo ya Mama Mlezi! Nani atathubutu kupeleka mkono pale?" Machozi yakamlengalenga. "Bibi yako huko aliko, kama angejua kidani chake kitafika shingo hiyo, angekufa mapema kwa furaha."

"Baba, mwanangu anaolewa keshokutwa. Nirudishieni tu. Sitamwambia mtu. Hao wanaita ndege yangu."

Kweli kipaza sauti kilikuwa kikiita, na jina lake likitajwa, vibaya.

"Hapo ndipo wananchi mnapotuumiza," alisema Kamishna kwa huzuni ya kweli. "Kurudisha, mama, ni kukiri kwamba kilichukuliwa. Na hakuna kilichochukuliwa. Sasa mimi nirudishe nini?"

Bi Mwanamkasi aliyageuza maneno hayo huku na huku akitafuta pa kuyashika, asipaone. Hasira ilimpanda, ikafika kooni, ikawa hofu. Akilini alimwona Shemsa ameketi juu ya kiti cha harusi, shingo tupu, anatazama mlango.

Ndipo nyuma ya ukuta, nyuma kabisa ya kabati la vitabu vya Kamishna, ukasikika mlio mdogo. Tak. Ukafuatwa na yowe la mwanamke.

Mlio huo Bi Mwanamkasi aliujua tangu utotoni. Alisimama.

"Nani amekivaa?" aliuliza. "Kimbieni mkamwambie asikivute."

Kabati lilikuwa mlango. Nyuma yake kulikuwa na sebule ya zulia jekundu, na ule mkanda wa mashine ulikuwa ukitokea ukutani ukaenda kuishia kwenye kochi. Kila Alhamisi Mama Mlezi alikaa hapo, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akipokea yale ambayo taifa lilimkabidhi ayatunze. Bangili zilimfika viwikoni. Siku hiyo uso wake ulikuwa umeiva, macho yamemtoka, na askari wawili walikuwa wakimvuta kidani kwa koleo, mmoja akiwa ameegemeza mguu kwenye kochi. Tak, kikalia. Sonara wa kale hakuwahi kuwaza kwamba anayekivuta na aliyekivaa wanaweza kuwa upande mmoja.

"Acheni!" Bi Mwanamkasi alisema, kwa sauti ile ya kunyamazisha mama wakwe, na askari wakaacha. Alimsogelea mgonjwa. "Nikikufungua, nakichukua changu naiwahi ndege yangu. Umesikia? Nataka uniahidi mbele ya hawa."

Mama Mlezi alitikisa kichwa. Alikitikisa juu na chini kukubali, mpaka hereni zikagongana.

Basi Bi Mwanamkasi akawapa wote mgongo, akafunika kishikizo kwa mtandio wake, na vidole vyake vikafanya vilichofundishwa. Kidani kikaachia. Ni huruma iliyomfanya afungue upesi hivyo. Alikuwa ameona bibi harusi wengi wakizimia, na hakupenda kuona shingo ya mtu ikiteseka. Nalitaja hili kwa sababu baadaye lilimjia mara nyingi.

Mama Mlezi alikohoa, akanywa maji, akajitazama kwenye kioo. Kisha akatabasamu.

"Hiki," alisema, "ndicho nilichokuwa nakitafuta maisha yangu yote. Kidani ambacho hakuna mtu anaweza kunivua. Hebu ninong'oneze kinavyofunguliwa."

"Hilo huambiwa mwanangu, siku ya harusi yake. Na wewe umeniahidi."

Kamishna Nyakunga aliingilia kati kwa ulaini. "Mama Mlezi alitikisa kichwa. Kutikisa kichwa si ahadi. Alikuwa anatafuta pumzi."

"Kwani nani mwingine anajua kukifungua?" Mama Mlezi aliuliza.

"Hakuna," Bi Mwanamkasi alijibu kwa fahari, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Ni fahari ya ukoo wao. Wamelisema jibu hilo kwenye kila harusi, na siku zote watu hupiga vigelegele.

Safari hii hakuna aliyepiga. Nje, ndege ilinguruma, ikapaa.

"Kidani na ufunguo wake havitenganishwi," alisema Kamishna. "Hongera, mama. Kuanzia leo wewe ni kitu cha thamani."

Ghala la Utulivu lilikuwa chini ya uwanja, safi, lenye hewa ya ubaridi. Vitu vya thamani vililishwa vizuri: kuku, wali, matunda. Kila asubuhi alikuja mhudumu mwenye ufagio wa manyoya akawafuta vumbi mmoja mmoja. Alikuwepo mwanamke ambaye pete yake haikupita kwenye kifundo cha kidole. Alikuwepo kijana aliyekuwa na chuma mguuni alichowekewa na madaktari, na Wizara ilikuwa bado inachunguza ni chuma gani. Na kwenye kona, ameketi wima, alikuwepo Bwana Lusewa.

"Nilipiga chafya," alieleza, kama mtu anayeomba radhi.

"Nilikuona, kaka yangu. Watakung'oa?"

"Wanasema kung'oa ni ukatili, nao si wakatili. Mimi ni mfuko wa meno. Wanasubiri mfuko uchakae wenyewe." Alisema bila kufungua mdomo sana. "Wewe je?"

"Mimi ni ufunguo."

Bwana Lusewa alitafakari. "Afadhali wewe. Ufunguo bado una kazi."

Jumamosi Kamishna alimletea simu, mkono mmoja ukiwa umeshika simu na kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kitufe cha kukatia. Wizara, alisema, haina moyo wa jiwe. Angeruhusiwa kumwambia bintiye maneno haya: Nina furaha, nimeamua kubaki.

"Mama?" Sauti ya Shemsa ilikuwa mbali, na nyuma yake zilisikika ngoma zimepoa. "Mama, mbona hukushuka? Tumekungoja uwanjani mpaka taa zikazimwa. Kaja mtu wa ubalozi kaleta kidani, anasema umekituma wewe. Si chenyewe, mama. Cha bati. Kimeniacha shingo ya kijani mbele ya wakwe zangu. Nani ataninong'oneza sasa?"

Kidole kilitulia juu ya kitufe.

"Nina furaha," alisema Bi Mwanamkasi. "Nimeamua kubaki."

Shemsa akasema polepole: "Hiyo si sauti yako ya furaha, mama. Wako hapo? Mama, wako hap—"

Kitufe kikabonyezwa. Kamishna akampongeza kwa matamshi mazuri.

Bi Mwanamkasi alilia siku hiyo kwa namna ambayo hakuwahi kulia hata alipofiwa na mume, kwa sababu mume alimzika. Mwanawe alikuwa hai, ameolewa, na hajaagwa. Bwana Lusewa alimpa leso yake. Mhudumu alikuja na ufagio wa manyoya akamfuta machozi, maana maagizo yalikuwa kwamba vitu visipate unyevu.

Toka hapo aliitwa kila Mama Mlezi alipotaka kujipamba. Alifunga, alifungua. Kila mara Mama Mlezi alimwekea sikio, "Ninong'oneze basi," na kila mara yeye alijibu kwamba hilo ni la bibi harusi. Alijibu kwa adabu. Akawa mtulivu, hata Kamishna akamtolea mfano kwa vitu vingine. Ni Bwana Lusewa peke yake aliyeona kwamba mama yule alikuwa ameacha kutazama chakula chake na badala yake hutazama shingo za watu.

Ikafika Sikukuu ya Utulivu. Uwanja wa ndege ulipambwa maua ya plastiki. Safari zote ziliahirishwa ili abiria wapate nafasi ya kushangilia. Nyuma ya jukwaa, Mama Mlezi alivaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na Bi Mwanamkasi, akimtengeneza mtandio, aliona kitu kilichomfanya asimame kidogo: amevaa hasa hasa kama bibi harusi.

"Kaza," alisema Mama Mlezi. "Leo nina hotuba ndefu, kisije kikacheza."

"Nikaze?"

"Nimesema kaza."

Tak.

Hotuba ilikuwa nzuri. "Katika nchi nyingine," Mama Mlezi alinguruma, "raia huachwa alinde mali yake mwenyewe! Alale nayo! Aamke nayo! Huo ni ukatili!" Watu wakashangilia. Alinyoosha mikono, akanyoosha shingo, mishipa ikamsimama. "Sisi tumemtua mwananchi mzigo! Tumemtua kila kitu!" Ila kadiri alivyoendelea sauti ilikuwa inanywea. Watu walidhani ni uchungu wa taifa, wakaanza kulia. Kamishna Nyakunga, mstari wa mbele, alilia kuliko wote, na alipoona Mama Mlezi ameondoka kwenye kipaza sauti bila kuaga aliinuka kuongoza makofi, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuyaacha, makofi yakaendelea na kuendelea.

Nyuma ya pazia hakuna kilichosikika ila makofi hayo. Mama Mlezi alimwendea Bi Mwanamkasi, uso umeiva, kidole kikionyesha shingoni.

"Fungua."

Bi Mwanamkasi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Hakuinuka.

"Leo nitakunong'oneza," alisema.

Pamoja na dhiki ile yote, uso wa Mama Mlezi uling'aa. Alipiga magoti na nguo yake nyeupe, akamwekea sikio. Bi Mwanamkasi akamshika bega, alivyopaswa kumshika Shemsa, akamtengeneza ushungi, akamwinamia.

"Kufungua, mwanangu," alinong'ona, "ni kukiri kwamba kilifungwa."

Mama Mlezi alimtazama. Kisha akakishika kidani kwa mikono yake miwili, akavuta.